Dodoma Saa Moja, Mlangoni Saa Tano: Kweli na Uongo wa Safari za Kutoka Dar

Kijiweni, kwenye daladala na hata kwenye vikao vya harusi, hakuna mada yenye wajuaji wengi kama safari ya mkoani. Mmoja anasema Dodoma ni saa moja. Mwingine anasema ni saa tisa. Wa tatu anaapa kwamba treni ya SGR ilimfikisha kabla hajamaliza gazeti. Huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaanza kuhesabu pake: huyu magurudumu ya ndege yanapoiacha ardhi, yule basi linapotoka getini, na mwingine anapofunga mlango wa nyumba yake Chamazi. Mimi nahesabu kuanzia mlangoni. Kwa hesabu hiyo tuzipitie kauli zinazosikika zaidi.

"Dodoma kwa ndege ni saa moja tu."

Kweli, kama unalala uwanjani.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi Dodoma, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 390, na ndege huzimaliza kwa saa moja hivi, kupaa na kutua vikiwemo. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanzia Bunju.

Mtu wa Bunju, Wilaya ya Kinondoni, anayekwenda uwanjani ana karibu kilomita 40 za kupita ndani ya jiji. Anashuka na Barabara ya Bagamoyo, anapita Tegeta, anafika Mwenge, anaingia Sam Nujoma, Ubungo, Mandela, Tazara, ndipo anapinda kushika Barabara ya Nyerere. Njia za juu za Tazara, zilizofunguliwa mwaka 2018, na zile za Ubungo, zilizofunguliwa mwaka 2021, zimefungua mafundo mawili makubwa. Foleni yenyewe haikufa, ilihamia kwenye taa zinazofuata. Asubuhi ya siku ya kazi, saa mbili barabarani si jambo la kushangaza. Juu yake weka saa mbili za kuwahi uwanjani kama mashirika yanavyoshauri, saa moja ya angani, na nusu saa ya kusubiri begi na kutafuta usafiri upande wa pili. Dodoma hapo inatusaidia, maana uwanja wake uko mjini kabisa. Jumla ni saa tano na nusu.

Sasa mchukue mtu wa Yombo Vituka, Wilaya ya Temeke, ambaye akiwa sebuleni anazisikia ndege zikinguruma. Bodaboda inamfikisha uwanjani kwa nusu saa au pungufu. Safari hiyohiyo, ndege ileile, kiti kilekile, yeye anaimaliza kwa saa nne. Anayekuuzia tiketi hatakuuliza unakaa wapi, lakini ndilo swali la kwanza la kujiuliza.

"SGR haiwezi kushindana na ndege."

Si kweli, kwa safari ya Dodoma.

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, na safari ya Dodoma huchukua kati ya saa tatu na nusu na saa nne kutegemea treni uliyopanda. Kwenye karatasi ndege imeishinda mbali. Kwenye maisha, stesheni iko katikati ya jiji, huhitaji kuwahi kwa saa mbili, na ukishuka unaondoka na begi lako mkononi.

Anayefaidi kuliko wote ni mtu wa Temeke na Mbagala. Barabara ya Kilwa inamleta hadi Gerezani, jirani na stesheni. Mtu wa Gongo la Mboto na Chanika naye ana stesheni ya Pugu, mradi apande treni inayosimama hapo. Akipitiwa akakata tiketi ya treni ya haraka, atalazimika kwenda mjini ili apande treni itakayompitisha tena kwao bila kusimama. Mtu wa Bunju ndiye habari njema hii inamfikia ikiwa imepoa. Akishafika mjini kutoka kwake, amekwishatumia muda ambao ungemfikisha mwenzake wa Kariakoo Morogoro.

"Pangaboi linachelewesha, panda jeti."

Si kweli kwa kiasi watu wanavyodhani. Neno mapangaboi lilivuma mwaka 2016, Air Tanzania ilipopokea ndege zake za propela za Q400, na baadhi ya watu walizungumza kana kwamba tumenunua bajaji zenye mabawa. Q400 hukata kilomita 600 na zaidi kwa saa, na jeti ya A220 hukata 800 na ushee. Kwa safari ya Dodoma tofauti hiyo ni kama dakika kumi. Kwa Mwanza, ambako ni kilomita 850 hivi kwa mstari ulionyooka, ni dakika ishirini hivi. Utazipoteza zote kwenye taa za Tazara.

"Basi linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo Dodoma ni saa tano na nusu."

Si kweli, na hii ndiyo hesabu inayowadanganya wengi, kwa sababu kimahesabu haina kosa. Barabara ni kama kilomita 450. Gawanya kwa 80, unapata saa tano na dakika thelathini na kitu. Kisha mtu anamwambia shemeji yake aje kumpokea saa nane mchana, na shemeji anakaa stendi hadi jua linakwenda kuzama.

Kinachosahaulika ni kwamba 80 ni kikomo, si wastani. Kwenye makazi kikomo ni 50, na kutoka Dar hadi Dodoma makazi hayaishi: Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Mikese, Morogoro, Dumila, Gairo, Kibaigwa. Kila kijiji kina kibao chake, na baada ya kibao kuna matuta, na baada ya matuta, nyuma ya mwembe, kuna trafiki na tochi yake. Zamani dereva aliweza kufidia porini kwa kukanyaga mafuta. Siku hizi mabasi yamefungwa kifaa kinachopeleka mwendo wa basi LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na akipitiliza 80 kinapiga kelele ndani ya basi hadi abiria wanageuka mahakimu: nusu wanamtaka apunguze, nusu wanalalamika kwamba watachelewa.

Halafu kuna mizani. Vigwaza, basi linaingia kupimwa, malori yamejipanga upande wa pili hadi huoni mwisho wake, na wauza korosho na maji wanakuja dirishani kabla halijasimama vizuri. Kuna Msamvu, ambako linaingia stendi kushusha na kupakia. Kuna mgahawa wa chakula cha mchana. Na kuna kuchimba dawa. Konda anatangaza dakika tano. Wanaume wanashuka upande huu, wanawake upande ule, na dakika ya tano inapokwisha kuna mama mmoja ndiyo kwanza anapatana bei ya nyanya, ndoo nzima, na konda mwenyewe ndiye anayemsaidia kuitafutia nafasi kwenye buti. Hakuna anayekasirika sana, maana kila mmoja anajua kituo kinachofuata atakuwa yeye.

Ukijumlisha hayo yote, basi la kawaida hadi Dodoma ni saa nane hadi tisa. Kwa safari yoyote ya basi nchini, usigawanye kilomita kwa 80. Gawanya kwa 50 hadi 55, hutapishana sana na ukweli.

"Mabasi ya mkoani yanaanzia Ubungo."

Ilikuwa kweli. Tangu Februari 2021 kituo kikuu ni Mbezi Luis, Kituo cha Mabasi cha Magufuli, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Kuhama huko kuligawa upya riziki ya muda. Mtu wa Bunju na Tegeta alipata unafuu, kwa sababu kuna lami inayopita Madale na Goba hadi Mbezi bila kugusa Mwenge wala Ubungo. Mtu wa Mbagala aliongezewa safari nyingine kabla ya safari. Kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi, wa Mbagala anaamka saa tisa usiku. Mwenzake wa Goba anaamka kwa adhana ya alfajiri na bado anawahi.

"Mabasi hayasafiri usiku."

Si kweli tena. Marufuku iliyodumu karibu miaka thelathini iliondolewa mwaka 2023, na LATRA ikaanza kutoa ratiba za saa 24. Kwa mkazi wa pembezoni mwa jiji, hili ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa, kwa sababu basi la usiku unalifuata stendi wakati ambapo foleni imelegea.

"Arusha ni kilomita 450." "Hapana, ni 630."

Wote wawili wapo sahihi, lakini wanaongelea safari mbili. Mia nne na hamsini ni mstari ulionyooka kutoka Dar hadi Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, KIA. Mia sita na thelathini, toa au ongeza chache, ni barabara hadi Arusha mjini.

Barabara haikatizi kama ndege. Inakwenda Chalinze au Msata, inapanda hadi Segera, inashika Korogwe na Mombo, kisha inaambaa na milima ya Usambara na ya Upare kupitia Same na Mwanga hadi Moshi, ndipo inapogeukia Arusha. Anayesafiri na ndege naye asijione amefika akishatua KIA, maana kutoka hapo hadi Arusha mjini kuna kama kilomita 50. Kuna ndege ndogo zinazotua uwanja wa Arusha wenyewe, pale Kisongo, na kwa mwenye shughuli zake mjini hiyo ni faida kubwa kuliko ukubwa wa ndege.

Hapa mtu wa Bunju analipwa fidia zake zote. Tangu barabara ya Bagamoyo hadi Msata iwekwe lami, mwenye gari lake haendi tena Kibaha wala Chalinze. Anatoka kwake, anaelekea Bagamoyo, anaibukia Msata, mbele ya foleni yote ya malori. Kwake safari ya kaskazini inaanzia getini. Jirani yake wa Mbagala, akianza muda uleule, bado yuko ndani ya jiji.

"Mtwara ni mbali sana, afadhali Mbeya."

Si kweli kwa kilomita. Mbeya kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, Mtwara ni kama 560. Kwa ndege Mtwara ni 400 tu hivi, karibu sawa na Dodoma. Lakini muulize mzee yeyote wa Mbagala mwenye asili ya kusini, atakwambia kwamba Mtwara ilikuwa mbali, na atakuwa anasema kweli pia.

Kabla ya mwaka 2003 Mto Rufiji haukuwa na daraja kwenye njia hiyo. Magari yalivushwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea barabara iligeuka tope la kumeza ekseli. Safari ilihesabiwa kwa siku, na walioweza walipanda meli bandarini Dar wakashukia Mtwara. Kisha likafunguliwa Daraja la Mkapa, karibu kilomita moja ya zege juu ya mto. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichukua miaka mingine mingi kupata lami; walioipita njia hiyo wakati huo wanakumbuka vumbi lake jekundu lilivyokuwa likiingia hadi ndani ya begi lililofungwa. Leo basi linaondoka asubuhi na kufika Mtwara jioni.

Umbali haukupungua hata hatua moja. Kilichopungua ni muda, na muda huo unaweza kurudi. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa kusini ikawa haifikiki kwa gari kutoka Dar. Ramani ya simu siku hizo bado ingekuonyesha kilomita 560.

Huu ndio upande ambao Temeke inaishinda Kinondoni. Mtu wa Mbagala Rangi Tatu hahitaji kuvuka jiji. Barabara ya Kilwa inapita hapohapo: Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri. Anaposema anakwenda kusini, yuko njiani tayari. Wa Bunju akitaka kwenda Lindi, nusu ya uchovu wake ataumaliza kabla ya kufika Kongowe.

"Kinondoni na Temeke ni miji miwili."

Si kweli, ingawa baadhi ya vikokotoo vya umbali vinaamini hivyo. Vinachukua kitovu cha jina moja na kitovu cha jina jingine, vinapiga mstari, na havioni haya kukupa hata muda wa kuruka. Kwa kilomita kumi hivi, jeti ingetumia kama dakika moja. Ingepaa wapi na kutua wapi, hilo kikokotoo hakikuulizwa.

Hizi ni wilaya za jiji moja. Zamani zilikuwa tatu, pamoja na Ilala, kisha Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Hata baada ya kumegwa bado ni kubwa, na ndiyo sababu kusema "Kinondoni hadi Temeke" hakukwambii chochote. Kutoka Kinondoni Mkwajuni hadi Chang'ombe unaweza kwenda na kurudi asubuhi moja na kazi ukafanya. Kutoka Bunju hadi Mbagala ni zaidi ya kilomita 40 za barabara, zote zina watu.

Linganisha na Unguja. Kutoka Dar hadi uwanja wa Zanzibar ni kama kilomita 73 kwa mstari ulionyooka. Ndege ni dakika ishirini, boti iendayo kasi haifiki saa mbili. Ijumaa jioni, mtu anayepanda boti bandarini na mwenzake anayepanda daladala Bunju kwenda kulala kwa dada yake Mbagala wanaweza kufika kwa wakati mmoja, na wa boti atakuwa amekaa kwenye kiti safari nzima.

"Kigali nilitumia saa moja kwenda, tatu kurudi. Ndege ya kurudi ilikuwa mbovu."

Si kweli. Ndege ni ileile na muda wake angani ni uleule, kama saa mbili kasoro. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa za mahali unapoondokea na saa za mahali unapofikia. Hali ni hiyohiyo kwa Bujumbura, Lusaka na Lubumbashi. Nairobi, Kampala na Addis Ababa saa zao ni sawa na zetu, kwa hiyo huko hesabu ya tiketi inabaki kama ilivyo.

"Tiketi inasema 00:40 Jumanne, basi nitaondoka Jumanne usiku."

Si kweli, na hili ndilo kosa linalogharimu kuliko yote hapo juu, maana foleni hukuchelewesha saa moja, hili hukuchelewesha siku nzima.

Ndege nyingi za Ghuba na Ulaya huondoka Dar usiku. Saa 00:40 ya Jumanne ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumanne. Yaani Jumatatu unakula chakula cha jioni nyumbani, unaaga, unaondoka. Wapo waliofanya sherehe ya kuagana Jumanne jioni, wakaingia uwanjani na mabegi matatu, wakaambiwa ndege yao imekwishatua Doha tangu asubuhi.

Tatizo hilohilo lipo kwenye basi, kwa sura nyingine. Tiketi ikiandikwa 6:00, kuna wanaoisoma saa kumi na mbili asubuhi na wengine saa sita, na wa saa sita nao wanagawanyika mchana na usiku, hasa sasa ambapo mabasi ya usiku yapo. Kabla hujaondoka dirishani muulize mkata tiketi: asubuhi, mchana au usiku wa kuamkia lini? Mwambie aandike kwa kalamu juu ya tiketi, na usione aibu kama waliopanga foleni nyuma yako wanaguna.